Maswali ya Wasomaji: Ukungu wa Amani, Kisha Bakuli la Pho

Toleo lililopita tuligusia kukimbia katika vijia vya msitu wa Amani, milima ya Usambara, Tanga, na pho ya kula ukirudi. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, basi tumechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi. Kwa asiyeijua, pho ni supu ya Kivietnam yenye tambi za mchele. Hutamkwa karibu na "fa", sauti ikishuka kisha ikipanda kama ya mtu anayeuliza.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimezoea kukimbia alfajiri Raskazone, kilomita 10 bila shida. Tulipokwenda Amani, njiani nilikuwa na joto zuri tu, lakini tulipomaliza na kusimama kupiga picha nikaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana. Ni baridi au malaria? – Binti wa Chumbageni

JIBU: Marahaba, binti. Kutetemeka kunakoanza dakika chache baada ya kusimama, kukaisha ukivaa nguo kavu na kunywa cha moto, ni baridi. Mbu aliyekuuma siku ileile hawezi kukuletea homa jioni yake, kwani vimelea huhitaji siku 7 au zaidi mwilini kwanza. Lakini ukitetemeka tena ukiwa nyumbani umejifunika, nenda ukapime. Huenda mbu alikuuma zamani.

Kilichokupata kina maelezo yake. Sigi, unapoingilia hifadhi, ni kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, na Amani yenyewe ni karibu mita 900. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Upepo wa bahari umebeba unyevu, ukifika Usambara hauna pa kwenda ila juu, na huko juu hupoa ukawa ukungu. Asubuhi ya Julai Amani hushuka chini ya nyuzi 20. Mtu wa Lushoto atakucheka ukiita hiyo baridi, ila mwili uliokulia Tanga mjini haukuizoea.

Tatizo kubwa zaidi ni jasho. Hewa ya ukungu imeshashiba maji, kwa hiyo jasho halikauki, linabaki kwenye nguo. Unapokimbia hulihisi kwa sababu zaidi ya robo tatu ya nguvu inayotumiwa na misuli hugeuka joto. Ukisimama, jiko limezimika lakini nguo bado imelowa, na maji hupitisha joto kiasi cha mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Baridi ya msituni haimkamati anayekimbia, inamsubiri asimame.

Basi picha zingoje. Acha garini au kwa mwongozaji nguo kavu kamili: fulana, sweta, soksi, kofia na taulo au khanga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, na wala hatuikumbuki. Ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko, ikisafishwa vizuri, huzuia mvua na ukungu kuliko mfuko wowote. Ukifika tu, ndani ya dakika 5, vua vya juu vyote, jikaushe kichwa na kifua, vaa kikavu, ndipo ushughulike na miguu. Wanaovaa hijabu wabebe ya pili. Hijabu iliyolowa hukaa shingoni, na pale joto linapotea upesi. Fulana ya pamba iache nyumbani, kwa sababu hunywa maji ikawa nzito na haikauki. Jezi ya mpira ya polista ni bora na bei yake ndogo.

Jambo la kuangalia kwa mwenzako: akiacha kutetemeka huku bado amepoa, akisema maneno yasiyoshikana au vidole vikishindwa kufunga vifungo, hayo si ya kusubiri chai. Mvueni vilivyolowa, mfunikeni pamoja na kichwa, mpelekeni hospitali.

SWALI: Mambo vipi. Nina njumu nzuri za mpira, zina meno marefu. Naweza kukimbilia msituni? Raba za milimani bei haikamatiki. – Kijana wa Makorora

JIBU: Poa. Njumu hapana. Meno yake ni plastiki ngumu, yametengenezwa yazame kwenye nyasi. Juu ya mzizi uliolowa hayazami popote. Unasimama juu ya vidoto vichache vigumu, na mzizi wa msitu wa Amani una utelezi wa ganda la embe. Unachotaka ni raba ya soli laini yenye meno ya milimita 4 hadi 6, yaliyoachana kiasi cha kuruhusu tope lidondoke. Meno yaliyobanana hujaa udongo mwekundu hatua kumi za kwanza, ukabaki na soli bapa.

Mitumba inatosha, ukijua kuchagua. Bonyeza kwa dole gumba ile sehemu laini iliyo kati ya soli na kiatu. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi ubavuni isiyonyooka, kiatu kimekwisha hata kama juu kinang'aa. Kunja kiatu: kipinde penye vidole, kisipinde katikati. Vuta ukingo wa soli kwa kucha uone gundi. Kiatu kilichokaa stoo miaka mingi huweza kuwa na soli inayomeguka kama keki, nacho kitakuachia porini. Ingiza mkono ndani kisigino, maana kitambaa kilichotoboka pale ni malengelenge ya uhakika. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Usipoiacha, kila mteremko utakupigisha vidole mbele na wiki ijayo utakuwa na kucha nyeusi.

Hata ukiwa na raba nzuri, namna ya kukanyaga ina kazi kubwa. Mzizi ruka, usiukanyage. Ikibidi, weka wayo wote bapa na usijisukumie hapo, kwa sababu anayejisukuma ndiye anayeteleza. Macho yawe mita 3 au 4 mbele. Mteremkoni fupisha hatua na ukunje magoti. Watu wengi huegemea nyuma kwa woga, uzito wote ukaenda kisigino, kisigino kikateleza wakakaa chini. Ukirudi, jaza magazeti ndani ya viatu na uviweke kivulini. Ukivianika kando ya jiko gundi italainika.

SWALI: Nikivaa taa ya kichwani kwenye ukungu naona ukuta mweupe. Nifanye nini? – Wa Mabawa

JIBU: Ishushe. Taa ikiwa karibu na macho, matone ya ukungu yanakurudishia mwanga moja kwa moja. Ishike mkononi au uifunge kiunoni, mwanga mdogo, umulike chini mita 3 mbele. Mizizi itatoa kivuli na utaiona. Mwanga mkali zaidi huongeza tu ukuta. Tungependa zaidi usubiri kupambazuke, kwa kuwa alfajiri siafu nao wako njiani.

SWALI: Ni lazima kulipa na kuchukua mwongozaji? Na mwezi upi hakuna mvua? – Mwalimu, Muheza

JIBU: Ndiyo, Mwalimu. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kuna kiingilio, na mwongozaji mchukue hata kama unaijua njia. Simu hupoteza uelekeo chini ya miti minene, na vijia vya wachuma iliki vinafanana na njia kubwa. Mweleze mapema kuwa mnakimbia, apatikane anayeweza. Mwezi usio na mvua kabisa Amani hakuna, kwani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Masika, Machi hadi Mei, njia huwa tope na barabara ya kupanda kutoka Sigi humshinda mwenye gari dogo. Januari, Februari, na kuanzia Juni mwishoni hadi Septemba panakimbilika. Maua ya dughulushi msiyachume. Ni yale ya zambarau ambayo Wazungu waliyapeleka Ulaya miaka ya 1890 yakajaa madirishani mwao. Asili yake ni huku.

SWALI: Nimepika pho mara mbili nikifuata maelezo ya kuokoteza. Supu yangu inatoka nyeupe-nyeupe imechafuka kama ya makongoro, na mume wangu anasema inanukia pilau. Nakosea wapi? – Mama wa Ngamiani

JIBU: Mama, mume wako ana pua nzuri. Una makosa mawili tofauti, tuyachukue moja moja.

La pilau ni jepesi: umetia binzari nyembamba. Pho haina binzari nyembamba hata punje, na pilipili manga huja mwisho juu ya bakuli. Inayotawala ni anisi ya nyota, lile ua kavu lenye ncha nane, ambalo wauza viungo wakubwa mjini huwa nalo. Huenda pia ulitia viungo vya kusaga. Vya kusaga huachia kila kitu kwa mkupuo na kubaki supuni, tumia vizima. Na karafuu, tunajua sisi wa pwani mkono wetu ni mwepesi kuzitia, lakini hapa 4 zinatosha sufuria nzima. Ukitia ya tano itanukia daktari wa meno.

La kuchafuka ndilo la kazi. Supu yetu ya asubuhi tunaitaka nzito, kwa hiyo tunaiacha ichemke kwa fujo, mafuta na damu vikasagana na maji. Pho inataka kinyume: maji angavu unayoona chini ya bakuli, yenye ladha ya mfupa.

Kwa bakuli 8 chukua mifupa ya ng'ombe kilo 3, nusu ya uboho na nusu ya maungio, na kidari gramu 700. Tia mifupa kwenye maji baridi, ichemshe kwa nguvu dakika 10, kisha mwaga maji yote. Ndiyo, yote. Moyo utauma, lakini lile povu la kijivu ndilo linalochafua supu yako. Osha kila mfupa, osha na sufuria. Rudisha mifupa pamoja na kidari, tia maji lita 6, washa moto.

Wakati huo weka tangawizi gramu 100 na vitunguu maji 2, na maganda yake, juu ya makaa. Viache dakika 10 hadi 15 vikiungua nje na kulainika ndani, kisha kwangua weusi na uoshe. Tangawizi mbichi hutoa ukali unaokwaruza koo. Iliyochomwa hutoa utamu. Hapa mwenye jiko la mkaa anamshinda mwenye gesi.

Sufuria ikitokota, toa makaa mengi na yaliyobaki yafunike majivu. Unatafuta viputo viwili vitatu vinavyopanda taratibu upande mmoja. Usifunike kabisa, usikoroge. Engua povu. Tia tangawizi, vitunguu na chumvi kijiko kimoja cha chakula kilicho bapa. Baada ya saa moja na nusu hadi mbili kidari kitaiva. Kitoe, kizamishe kwenye maji baridi dakika 10 kisikauke na kuwa cheusi, kiweke pembeni. Mifupa iendelee mpaka itimize saa 6. Ikipungua maji ongeza ya moto.

Saa moja kabla ya kuipua, kaanga bila mafuta kwa dakika 2 anisi ya nyota 5, mdalasini kijiti cha sentimita 8, karafuu 4, iliki 2 na giligilani kavu kijiko cha chakula. Funga kwenye kitambaa, tumbukiza. Usitie mwanzoni, kwa sababu viungo vikikaa saa 6 supu huwa chungu kama dawa ya kikohozi. Iliki na mdalasini wa Muheza ni vya hukuhuku, nunua vipya. Chuja kwa kitambaa, engua mafuta lakini uache macho machache yanayoelea, kisha tia sukari kijiko kimoja na nusu cha chakula na sosi ya samaki mililita 80. Utabaki na lita 4 hivi. Ionje peke yake: iwe imezidi chumvi kidogo sana, kwa vile tambi hazina chumvi.

Tambi za mchele kavu, gramu 90 kwa mtu, loweka maji ya kawaida nusu saa. Chovya kwenye maji yanayochemka sekunde 15 hadi 20, basi. Ukizipika kama spageti zitakuwa uji. Ziweke kwenye bakuli lililopashwa moto, panga vipande vya kidari vilivyokatwa kwa kukatisha nyuzi, mimina supu inayotokota, nyunyiza vitunguu vya majani na kotimiri. Ndimu na pilipili viwe mezani.

Kusini mwa Vietnam huongeza mrehani na choroko zilizoota, mbichi. Hanoi, kaskazini, hula bila hayo. Baada ya ukungu tunasimama na Hanoi, kwa kuwa konzi la choroko baridi hupoza bakuli ulilolipigania saa 6. Na nyama mbichi inayowekwa iivie bakulini, tunashauri ichovye kwanza kwenye sufuria inayotokota mpaka wekundu uishe. Hapa kwetu nyama haikupitia friji, na supu ya bakulini haina moto wa kutosha.

SWALI: Sosi ya samaki ndiyo mchuzi wa samaki? Na nikiikosa? – Wa Duga

JIBU: La, usije ukamimina mchuzi wa nazi na changu humo! Hii ni maji ya rangi ya chai yanayotoka kwenye dagaa waliovundikwa na chumvi kwa miezi mingi. Ukifungua chupa inanuka. Ikiingia supuni harufu huondoka, utamu hubaki. Ukiikosa, chukua dagaa wakavu gramu 30, toa vichwa na matumbo kwa sababu ndiyo yenye uchungu, wakaange bila mafuta mpaka wanukie. Chemsha polepole na maji mililita 300 na chumvi vijiko viwili vya chakula kwa dakika 20, uchuje. Si ileile, ila inashika nafasi. Tia kidogokidogo ukionja.

SWALI: Tunataka kula palepale Sigi tukishuka. Supu itafika ya moto? – Kikundi cha mbio, Tanga

JIBU: Itafika, ikiwa chupa ya chai ni nzima. Ijaribuni usiku uliotangulia: maji yanayochemka saa 5 ndani yake, mkifungua yawe bado hayashikiki kwa kidole. Siku yenyewe jazeni kwanza maji yanayochemka dakika 10, mwageni, kisha mimineni supu ikiwa inatokota kwelikweli mpaka juu. Chupa iliyojaa nusu hupoa upesi. Supu ya vuguvugu iliyokaa saa nyingi ni bustani ya vijidudu. Ikifika haitoi mvuke, ichemsheni tena au mmwage.

Tambi chovyeni nyumbani, suuzeni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, zipakeni mafuta kijiko cha chai zisigandane, ziende kwenye kontena lake. Kidari kiive kabisa na kisafirie ndani ya chupa pamoja na supu, kisisafiri kando. Bebeni supu mililita 450 kwa kila mtu. Kwa tambi zilizopoa, mimineni supu kidogo, zungusheni, irudisheni au inyweni, ndipo mjaze ya kula. Bila hivyo bakuli linakuwa vuguvugu kabla ya kijiko cha kwanza.

SWALI: Mimi nina miaka 64, nina presha, bado nakimbia polepole. Naambiwa nirudishe chumvi baada ya mbio. Nile pho? Na kwa nini kule juu sisikii kiu? – Mzee wa Usagara

JIBU: Shikamoo Mzee. Kiu hupungua kwenye baridi, lakini maji yanaendelea kutoka kwa jasho na kwa pumzi. Kunywa kwa mafundo madogo, mililita 400 hadi 600 kwa saa.

Chumvi ni hesabu. Supu kama ile ya juu ina karibu gramu 10 za chumvi kwa lita, hivyo mililita 450 ni gramu 4 na nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku nzima. Kijana aliyetoka jasho saa mbili hatadhurika. Wewe kula tambi na nyama, supu iache nusu, na unapopika nyumbani acha kabisa kile kijiko cha chumvi, ibaki sosi peke yake. Aliyekupa dawa za presha aambiwe kwamba unakimbia milimani, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hukojoza na nyingine huzuia moyo kwenda mbio.

SWALI: Nikitoka kukimbia tumbo langu linakataa nyama. Kuna kitu cha Kivietnam chepesi? – Dada wa Pongwe

JIBU: Kipo, dada, kinaitwa cháo, ni uji wa mchele kwa supu ya kuku. Mchele kikombe kimoja, supu vikombe 10. Kaanga mchele mkavu dakika 5 mpaka uwe na rangi ya maziwa na uanze kunukia. Usipoukaanga uji utakuwa kama gundi. Tia kwenye supu ya kuku wa kienyeji iliyochemshwa na tangawizi, moto mdogo, dakika 40 hadi 50, ukikoroga chini mara kwa mara kwa kuwa unaungua haraka. Punje zikifunguka kama maua, ipua. Kuku umchambue nyuzi nyuzi uweke kidogo tu, au umwache kabisa mpaka tumbo litulie. Tangawizi iliyokatwa vijiti vyembamba, vitunguu vya majani, pilipili manga. Ukikaa huwa mzito, basi uache mwepesi kuliko unavyoutaka.